Cheti cha Asili cha Tangi la Bi Verna

Tulikuwa tumeshawasha injini. Magari-nyumba arobaini na moja, pua kwa mkia, kuanzia kambi ya wastaafu hadi nyuma ya kituo cha mafuta, kila mmoja wetu amefunga makabati, amekunja turubai la kibarazani na kuvaa glavu, akingoja zamu ya kutapisha tangi la choo kabla ya kuondoka kwenda kaskazini. Ilikuwa tarehe mbili Aprili. Sisi huja Arizona kukimbia theluji, na joto likibisha hodi hatukai tukalipokea. Gari la mbele lilikuwa limeshafungua mfuniko wa shimo pale kipaza sauti kilipokohoa, na Manispaa ya Agua Poca ikatangaza kuwasili kwa Zama Mpya za Maji Taka.

Meya Royce Stuckey alisoma tangazo mwenyewe, amesimama juu ya kreti la soda. Kuanzia saa ile, alisema, hakuna tangi litakalotapishwa ndani ya manispaa bila Cheti cha Asili. Mji wetu uko mpakani. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakivuka kwa miguu, wanakula Mexico, kisha wanarudi kuacha matokeo yake kwetu.

"Huo ni uingizaji wa bidhaa bila tamko," alisema Meya.

Kilicholiwa nyumbani kitapokelewa nyumbani. Tangi ambalo zaidi ya nusu yake imeliwa ng'ambo litarudishwa ng'ambo, kwa heshima zote za kidiplomasia. Na gari lenye tangi lisilo na cheti halitatoka nje ya manispaa, ila kwa kuelekea mpakani. Vyeti vitaanza kutolewa Ijumaa ya tarehe kumi na moja, kwenye uzinduzi rasmi. Basi mfuniko ukarudishwa, ukapigwa mnyororo na kufuli, na askari akawekwa kwenye barabara ya kutokea.

Niseme mapema kwamba mimi niliona jambo hili lina busara. Nina miaka sabini na sita, na ishirini na miwili ya mwisho nimeishi bila anwani. Nimepita miji mingi iliyoharibika kwa kukosa fomu. Shule nilisoma vipande vipande, lakini fomu naijua. Kwa hiyo nilipiga makofi, na kwa kuwa nilipiga peke yangu Meya aliniona, akaniteua palepale kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Rufaa ya Watumiaji. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, wote watu wa magari-nyumba, maana Meya alitaka ushirikishwaji wa wadau. Nilipewa beji: Bw. Delbert Quist, Mwenyekiti.

Jirani yangu kambini, Bi Verna Tostrud, mjane kutoka Dakota Kaskazini, hakupiga makofi. Alinichungulia kwenye dirisha la gari lake.

"Mzee Delbert, hiyo beji inatapisha tangi?"

"Inahusika na hatua za baadaye."

"Mimi nina hatua ya sasa hivi."

Na kweli alikuwa nayo. Dada yake, Ardis, alikuwa hajaongea naye kwa miaka kumi na moja kwa sababu ya kochi la marehemu mama yao. Mwezi Machi Ardis alipiga simu. Alikuwa anatimiza miaka themanini Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, kule Deming, safari ya saa tano. Akasema, njoo, na usipokuja usinipigie tena. Akakata. Bi Verna alikuwa ameshanunua kitambaa kipya cha kufunika kochi. Lakini tangi lake lilikuwa limejaa hadi shingoni. Akikanyaga breki, choo kilijibu.

Ofisi ya Asili ilifunguliwa kwenye jengo la maktaba. Vitabu vilihamishiwa ghalani kwa Meya, ambako yeye huuza nafaka na nyama kwa jumla, na mkutubi, Crispín Ybarra, mtu wa miaka hamsini aliyekaa kwenye kiti kile miaka kumi na tisa, aliamka asubuhi akajikuta ni Ofisa Mkuu wa Asili. Ndiye aliyeandika sheria ndogo yenyewe, vifungu kumi na vinne, kwa kuwa pale Manispaa hakuna mwingine awezaye kuanza sentensi ndefu na kuimaliza. Fomu iliitwa Shajara ya Vyakula. Ulitakiwa kutaja kila mlo wa siku thelathini, ulikula nini, na upande gani.

Nilimsindikiza Bi Verna. Alikuwa na meno mapya, aliyotengenezewa ng'ambo kama wote tunavyofanya, na wakati fizi zinapona alikula kwa Doña Chela, mama mwenye banda la chakula hatua ishirini kupita lango la mpaka.

"Tarehe kumi na moja Machi, asubuhi," Crispín alisoma. "Maharage ya kupondwa. Upande gani, mama?"

"Ng'ambo."

"Mchana?"

"Maharage."

"Ng'ambo?"

"Mwanangu, sikuwa na meno. Ulitaka nitafune nini, mlango?"

"Tarehe kumi na mbili naona kuna ndizi."

"Hiyo niliila kambini."

"Basi hiyo ni ya nyumbani." Aliiandika kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Ingawa ndizi yenyewe ilitoka Guatemala."

"Kwa hiyo niipeleke Guatemala?"

"Hapana, mama. Kanuni inaangalia mdomo ulikuwa upande gani. Ndizi haihusiki."

Bi Verna alipata asilimia tisini na nne ya ng'ambo. Aligongewa muhuri mwekundu: IRUDISHWE KWENYE ASILI. Mimi nilipata sitini na moja, kwa ajili ya tamale za Jumapili, zile ngumu za unga wa mahindi zenye nyama ndani, nikaipokea kiraia. Yeye aliutazama muhuri, akanitazama mimi, akauliza kama kamati yangu inaweza kufanya chochote. Nikamweleza kwamba rufaa haiwezi kusikilizwa kabla ya uzinduzi, kwa sababu kabla ya uzinduzi hakuna kitu cha kukatia rufaa.

"Ulizaliwa hivi," aliuliza, "au ni hii beji?"

Jumatano ya tarehe tisa tuliamua kutii. Bi Verna aliendesha mwendo wa kobe ili asifunge breki. Mimi nilitembea mbele ya gari na taulo jekundu nikiwaondoa watu njiani. Tulifika langoni kwa dakika arobaini. Ofisa wa forodha wa Mexico, Baltazar, mtu mpole mwenye masharubu, alikuja dirishani.

"Mna kitu cha kutangaza?"

"Maharage," alisema Bi Verna.

"Kilo ngapi?"

"Ni ya majimaji. Weka lita mia na hamsini."

Baltazar aliingiza kichwa ndani, akatazama jikoni, akatazama kitandani. "Siyaoni."

"Yalikuwa maharage," nikamfafanulia, nikampa barua ya Manispaa yenye muhuri.

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alivua kofia. "Mzee wangu, sisi tuliyauza yakiwa chakula. Yaliyotokea baada ya hapo, kiwanda ni cha huyu mama."

Doña Chela alikuwa ameshatoka bandani, aproni mkononi. "Verna, leo umekuja na nyumba nzima? Vipi, meno yamegoma?"

"Meno yamekubali, Chela. Tangi ndilo limekataliwa."

Alipoelezwa alicheka mpaka akashikilia nguzo ya lango. "Maharage yangu ni wageni wa wapi? Magunia yote nachukua ghalani kwa Stuckey. Maharage kwake, utumbo kwake, mpaka chumvi. Na mwenyewe kila siku mchana yuko pale kwenye kiti cha kona, kainamia supu ya utumbo. Muulizeni."

Hili la mwisho nililiandika kwenye daftari kama madai. Mheshimiwa Stuckey ndiye mwasisi wa kampeni ya Agua Poca Yala Nyumbani, na beji yake haimtoki kifuani. Mtu wa taratibu haamini tu kila anachoambiwa na mpika supu.

Bi Verna hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa.

"Keshokutwa Ijumaa," alisema. "Ardis atasema nimesingizia choo."

Nilichukua taulo langu, tukarudi.

Ijumaa saa nne asubuhi mji mzima ulikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Palikuwa na tarumbeta, utepe, na biskuti zilizookwa nyumbani. Katikati ilisimama Ofisi Tembezi ya Huduma kwa Mwananchi, gari-nyumba la futi arobaini lenye picha ya Meya ubavuni, anatabasamu ukubwa wa mlango. Jengo la Manispaa lilikuwa linapakwa rangi, hivyo Meya na madiwani wanne walikuwa wamefanyia kazi humo kwa mwezi mzima, wakinywa kahawa. Tangi lake mtu hakuhitaji kulipima, ulitosha upepo. Lilikuwa limeshaunganishwa mpira shimoni, likingoja cheti cha kwanza. Nyuma yake Bi Verna, halafu mimi, halafu wengine wote, injini zinanguruma.

Kwa mujibu wa Kifungu cha Sita, shajara ya kwanza ilitakiwa kusomwa hadharani, kwa uwazi na uwajibikaji. Meya mwenyewe ndiye aliyeagiza kipaza sauti. Shajara yake alikuwa ameijaza kwa ukweli mtupu, kama mtu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuona fomu ikisomwa.

Crispín alisafisha miwani.

"Tarehe kumi na mbili Machi, mchana: supu ya utumbo. Ng'ambo. Jioni: maharage na tamale, za kubeba. Ng'ambo. Tarehe kumi na tatu, mchana: supu ya utumbo, mabakuli mawili. Ng'ambo."

Tarumbeta zikashuka moja moja.

"Inatosha, Crispín," alisema Meya.

"Kifungu cha Sita kinataka yote, Mheshimiwa."

Akasoma yote. Alisoma kwa sauti ile aliyowasomea watoto hadithi kwa miaka kumi na tisa, akipumzika panapostahili. Kufikia tarehe ishirini watu wa nyuma walikuwa wameshashika mwendo, yeye anataja supu, wao wanaitikia "Ng'ambo". Kufikia tarehe thelathini hata askari wa barabarani alikuwa anaitikia. Diwani mmoja alivua beji ya Yala Nyumbani akaitia mfukoni taratibu.

"Asilimia tisini na saba," alimaliza Crispín. "Haikidhi vigezo." Akavaa glavu, akachomoa mpira, akaukunja vizuri.

Meya alikuwa na rangi ya muhuri. "Sikiliza wewe. Yule Chela ananunua kwangu. Maharage yangu, utumbo wangu. Hicho chakula ni cha hapa. Kilivuka kwenda kuchemshwa tu."

"Kwa hiyo Mheshimiwa anasema asili inafuata chakula kilikotoka, si mdomo ulikokuwa?"

"Ndivyo ninavyosema."

"Anasema kama Meya?"

"Sasa kama nani?"

"Naomba sahihi hapa."

Meya akatia sahihi. Crispín alipuliza wino ukauke, kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa sheria ndogo. Kifungu cha Kumi na Nne: tafsiri ya Meya huwa sheria papo hapo kwa waombaji wote, isipokuwa aliyeitoa, kwa kuwa ana maslahi. Huyo atakata rufaa.

"Huo upuuzi nani kauandika?"

"Mimi, Mheshimiwa. Wewe uliuidhinisha. Ulisema mrefu, basi lazima ni mzuri."

"Na rufaa inasikilizwa na nani?"

Watu walinigeukia. Nikashuka garini, nikanyoosha beji. Nilieleza kwamba notisi ni siku ishirini na moja na akidi ni wajumbe watano. Wajumbe walipiga honi kuonyesha kwamba wapo, kwa sasa.

Ofisi Tembezi ikasukumwa pembeni, Bi Verna akasogea. Maharage yote ya Doña Chela yakawa raia halali. Nilimshikia mpira mwenyewe. Dakika tisa, pamoja na kusuuza. Alivua glavu, akanawa, akanifunga beji yangu iliyokuwa imelegea.

"Kumbe inafanya kazi," alisema.

"Nilikwambia. Hatua za baadaye."

Bi Verna alifika Deming jioni ile ile. Ardis alimfungulia mlango, akamwambia meno yamempendeza. Kitambaa kilitosha kochi.

Magari mengine yalitapisha kwa siku mbili yakaondoka. Crispín alirudisha vitabu kwenye rafu. Muhuri mwekundu sasa anawagongea wanaochelewesha vitabu. Doña Chela anaendelea kuuza supu. Baltazar aliiwekea fremu barua ya Manispaa. Meya alijaribu kupeleka gari lake mpakani mara moja, Baltazar akamuuliza kilo ngapi, akarudi. Baraza halijakaa kubadili sheria, kwa sababu ofisi yake rasmi bado ni Ofisi Tembezi na madiwani wanakataa kuingia. Imeegeshwa mbele ya dirisha la Meya.

Ameniandikia barua tatu akiomba rufaa isikilizwe kwa dharura. Nimemjibu zote kwa maandishi. Wajumbe wako Minnesota, Saskatchewan na kwingineko, akidi itatimia Novemba tutakaporudi. Mimi niko Montana, kando ya mto, na jioni navaa sweta. Naambiwa Agua Poca wiki hii imefika digrii arobaini na sita.