Matundu ya Bastola ya Duane

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Duane wangu kapewa meza ya mlangoni! Ile ambayo mtu akiingia maonyesho ya silaha za kale, ukumbi wa kaunti, hana pa kuikwepa. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa ya Rodney, mtoto wa jirani yangu Marlene Zubek. Marlene akanitangazia kanisani kana kwamba Rodney ndiye aliyewashinda Wajerumani. Rodney huyo akifunga kamba za viatu hupumzika katikati.

Duane ana bastola za jeshi kumi na tisa, za nchi sita, pamoja na vifaa walivyofundishiwa askari. Namba ya kila moja anayo kichwani. Umri miaka thelathini na minane, na chumba chake cha chini ya nyumba yangu hakina vumbi hata chembe. Nitajie daktari mwenye akili hiyo.

Tukiwa mezani akaniambia jambo. Amechoka kuwa wa pili. Asipopata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza, Jumamosi hii, anauza vyote na kwenda Arizona kuchimba mabwawa ya kuogelea na binamu yake. Nikamwambia ale, viazi vitapoa.

Arizona. Kwenye nge. Haendi.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimempelekea jaji wa maonyesho, mzee Lindquist, pai ya tufaha. Mkewe akafungua mlango, akasema mzee ana kisukari, akaichukua yeye. Akaongeza kwamba ya Marlene, aliyoileta jana, ilikolea mdalasini.

Marlene hana haya. Kumhonga jaji!

Jumatano, 5 Oktoba

Duane akiwa kiwanda cha matairi nimeshuka chini kukagua mwenyewe. Miaka yote nimekaa nyuma ya meza yake nikitazama watu, sikuwahi kutazama meza.

Nimeona aibu. Anayoiweka katikati, juu ya mahameli, ni bastola mbovu. Ya chuo cha jeshi, 1943, walifundishia makuruta. Ubavu mmoja una matundu manne. Springi, nyundo, risasi ya bandia, vyote viko nje kama utumbo wa kuku. Kingo za matundu zimepakwa rangi nyekundu, tena kwa brashi. Duane amenieleza habari zake miaka kumi, nami naitikia huku namenya viazi.

Basi nimejua kwa nini tunashindwa. Rodney anaonyesha bastola nzima, sisi tunaonyesha iliyotoboka. Niliishia darasa la nane, lakini tundu nalijua.

Alhamisi, 6 Oktoba

Sanduku Duane alishalifunga, halifungui mpaka ukumbini. Ufunguo wa akiba ninao mimi, mimi ndiye mama. Nikaichukua ile bastola hadi gereji ya shemeji Elroy, anayenyoosha mabodi ya malori.

Elroy akauliza kama Duane anajua. Nikamwambia zawadi haiombewi ruhusa. Akasema, shemeji, je, ikinilipukia? Nikamwambia haijalipuka tangu 1943, haikuwa inamsubiri yeye.

Akaziba matundu yote kwa puti ya magari, akapiga msasa, akapulizia rangi nyeusi. Ukiipitishia kidole, ni shavu la mtoto. Nimeirudisha sandukuni. Marlene atalia.

Jumamosi, 8 Oktoba

Duane akafungua sanduku. Akaigeuza ubavu huu na ule. Akaniuliza taratibu, Mama, umefanya nini. Nikamwambia nimeiponya.

Mzee Lindquist akaja na miwani yake ya kukuzia. Akasema amekuja hasa kuiona ile ya chuo, iliyokatwa ili makuruta waone inavyofanya kazi ndani. Ziko chache mno, na nyingi zilizobaki zimepoteza rangi nyekundu ya asili. Duane akanyoosha kidole tu. Mzee akaigusa kwa ukucha, puti ikabanduka kidogo. Akasema miaka arobaini ya kazi hajapata kuona kitu kama hiki. Nikamshukuru.

Utepe kapewa Rodney.

Marlene akaja kunipa pole kwa sauti ya kusikika hadi vyooni. Akasema, dada, mwaka ujao uzibe na mitutu. Mwanamke anayepaka nywele rangi ya karoti hawezi kunifundisha habari za rangi.

Duane hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa na Rodney, vichwa vimegusana, wakichokoa puti kwa kijiti cha meno.

Jumapili, 9 Oktoba

Haendi! Waliotaka kununua walikuwa wanaitaka ile ya chuo, na sasa hakuna wa kuigusa. Puti lazima itoke chembe kwa chembe, nyekundu ya chini isikwaruzike. Rodney anakadiria kazi mpaka Pasaka. Atakuwa anakuja kila Jumatano kusaidia, na ajabu, Duane anacheka. Binamu wa Arizona ameshampa mtu mwingine kazi.

Asubuhi Duane amebadilisha kufuli ya chini. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema ananipenda, na ufunguo hanipi.

Sawa. Lakini nani aliyembakiza nyumbani? Wataalamu wote wale na lenzi zao, au puti yangu?

Jumanne, 11 Oktoba

Kumbe Jumamosi Duane alinunua huko maonyeshoni turubai la kufundishia, bastola imechorwa kubwa kama ndama, la kutundika ukutani mwa darasa la makuruta. Leo kalianika kwenye kamba ya nguo lipigwe upepo, kaenda kazini.

Uchafu ulioje. Madoa ya kahawa. Na pembeni makuruta wameandika kwa penseli majina yao, na tarehe za kwenda vitani, safu nzima. Watoto wasiofunzwa na mama zao.

Nimeliloweka kwenye beseni na dawa ya kung'arisha mashuka. Penseli imeanza kuachia. Kesho pasi.

Nafanya karamu ya Duane kubaki nyumbani. Kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, pai mbili zenye mdalasini. Turubai nitalitundika sebuleni, jeupe pee, nyuma ya kiti chake. Nimemwalika mzee Lindquist na mkewe, Elroy, Rodney, hata Marlene, na yeye hasa. Waje wote Jumapili, tarehe kumi na sita, baada ya ibada.