Usingizi Mmoja Tu, Chini ya Msuku

Jumatano, 28 Oktoba 1998. Malangali, Ufipa.

Mwanangu Vitus anaota meno mawili kwa mpigo na anataka mtaa mzima ujue. Sijalala. Mume wangu Adolfu, tangu apunguzwe kazini, amekuwa mfanyabiashara wa mitumba, na marobota yamehamia chumbani kwetu. Mchana nilisinzia nimeegemea makoti ya Wazungu. Nikaota nipo Ulaya, na huko pia nimebeba mtoto.

Ila nimepata mpango. Kijijini kwao Adolfu, njia ya Mpui, wanakijiji wametenga msitu wa misuku, ile miti ya matunda ya porini, na wanaulinda wenyewe. Uko kando ya barabara ya zamani, ile ambayo magari yaliiacha. Hakuna honi, hakuna redio. Siku hizi wanapokea wageni. Mama mkwe, Bibi Kristiana, yumo kwenye kamati. Nitamkabidhi mjukuu, nitajifanya napenda mazingira, nitalala. Adolfu nimemwambia mtoto anahitaji hewa.

Ijumaa, 30 Oktoba.

Wifi yangu Salome amesikia, naye anakuja. Hakualikwa. Mwanawe Jenifer ni rika la Vitus, lakini yeye hulala jua likizama, haamki mpaka uji uive. Salome anasema siri ni kumzoesha. Halafu akanitazama usoni, akasema, "Wifi, mbona kama umepigwa?" Nikamjibu ni wanja. Simchukii. Namwombea tu mwanawe meno mengi.

Jumamosi, 31 Oktoba.

Mpango umekufa mlangoni. Mama mkwe alimshika Vitus mashavu, akamsifu meno, akanirudishia kama mtu anayerudisha chungu alichoazima. Wa kwake, alisema, aliwalea mwenyewe.

Mlinzi wa zamu ni Bundala, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, sasa ana wivu na msitu kuliko wenyeji. Alitueleza sheria. Masuku ni yale yaliyoanguka yenyewe: okota, kula, shiba. Anayetikisa mti anafyeka njia ya kuzuia moto. Faini ya hela hawataki, wanataka jasho. Niliitikia ndiyo, ndiyo. Macho yangu yalikuwa kwenye kivuli.

Salome akatandika kanga, akamlaza Jenifer, wakalala wote wawili palepale. Mdomo wazi. Nilitamani kumtumbukizia tunda.

Vitus chini hataki. Hapo akili ikanijia. Kitenge, ncha zote mbili tawini: bembea. Mtoto ndani. Kamba kutoka kwenye bembea mpaka kidole gumba cha mguu wangu. Nalala chali, navuta kwa mguu. Vitus akacheka, akapiga miayo, akanyamaza. Machozi yalinilenga. Nikafumba macho. Tunda likanidondokea kifuani. Nikasema ni upepo. Likaja la pili. Upepo tena. Nikaendelea kuvuta.

Nilipofumbua macho, Bundala alikuwa amesimama miguuni pangu, mama mkwe kando yake. Masuku yamenizunguka, mengine mabichi kabisa, ushahidi tosha. Na mama mkwe hasalimiwi mtu akiwa amelala. Kwetu Ufipa unachuchumaa, unapiga makofi taratibu. Nikajaribu. Kila nilipokunja mguu nichuchumae, bembea ilikwenda, masuku yakashuka. Bundala akauliza kwa upole kama bado naendelea.

Nikajitetea. Sikutikisa mti, nilibembeleza mtoto. Mama mkwe akasema mti haujui tofauti. Akaongeza, "Nikimwachia mke wa Adolfu leo, kesho nitamkamata mke wa nani?" Akanikabidhi fyekeo kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Halafu akamtoa Vitus kwenye bembea, akamweka mapajani. Hakuamka. Kumbe kulea mjukuu anaweza, ilimradi mama yake yuko adhabuni.

Nimefyeka mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Salome akaamka, akajinyoosha, akauliza mbona najichosha, si tumekuja kupumzika.

Jumapili, 1 Novemba.

Watakatifu Wote. Viganja vimetoka malengelenge, hata kufumba mikono nisali ni kazi. Nilipanga kusinzia wakati wa mahubiri, nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu mwenye ibada. Vitus alihubiri kumshinda padri. Nikatoka naye nje, nikamweka begani, akashusha pumzi shingoni kwangu na kulala. Ananukia maziwa. Nikamsamehe kila kitu. Nikakaa ngazini, nikaegemea ukuta. Akaamka.

Jumanne, 3 Novemba.

Bundala amekuja mjini kununua dawa ya ng'ombe, akapitia kwangu na ujumbe wa mama mkwe. Kamati imeona nilivyofyeka na imeridhika. Wanatafuta mtu wa kukaa kwenye kibanda cha ulinzi, kando ya barabara ile ya zamani, aangalie moshi mpaka mvua zishike. Peke yake. Kimya. Mama mkwe mwenyewe atashinda na Vitus. Nimekubali kabla hajamaliza. Adolfu ameuliza kama nimefikiri vizuri, nikamwambia sijawahi kufikiri vizuri namna hii.

Bundala akaendelea kueleza. Kibandani limening'inizwa debe tupu. Mlinzi analigonga mara kwa mara, kijiji kisikie kwamba yuko macho.

Nimemuuliza kama upepo wa huko hauwezi kuligonga.