Baiskeli Nyepesi ya Mahari

Jumatatu, 1 Agosti 2016. Malakia.
Baiskeli ni yangu! Kawaja, yule Mzungu niliyekuwa nikilinda nyumba yake, alikimbia vita mwezi uliopita, na leo amepiga simu kutoka Nairobi. Harudi. Amesema baki nayo, Lokosang, ni ya kupandia milima, imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Nyuzi! Nimeikagua yote. Haina keria, haina kengele, haina madigadi. Ina shokamzoba mbele na nyuma, kama lori. Ukikaa inazama, ukishuka inainuka. Sijui kama ni ugonjwa. Hata hivyo mpango uko wazi: ng'ombe hawafiki mjini kwa ajili ya vita, mbuzi sina, basi mahari ya Kiden ni hii.

Jumanne, 2 Agosti.
Nimeisukuma hadi Gurei kwa baba yake Kiden, Mzee Mogga. Ameiinua kwa mkono mmoja. Kisha kwa vidole viwili. Mkewe, Mama Teresina, ameiinua bila kuweka ungo chini. Mzee ameuliza, mwanangu, umeniletea baiskeli au picha yake? Aibu! Na Taban alikuwepo, bila shaka. Naye anamtaka Kiden. Huuza maji kwa baiskeli ya chuma ambayo ikianguka, wanaitwa majirani. Akanishauri niifunge kamba, upepo usije ukaniachia kofia tu. Kiden alicheka. Sijaelewa alikuwa upande wa nani. Nimeomba nirudi Ijumaa.

Jumatano, 3 Agosti.
Nimewaza kwa utaratibu. Tatizo: uzito. Dawa: uzito. Nimeng'oa siti, nikachota mchanga mkavu kando ya mto, nikaumimina ndani ya fremu kwa faneli hadi ikajaa. Sasa ni nzito kama shemeji mlevi! Ikisukumwa inanong'ona: shaa, shaa. Nitasema ni kaboni.

Ijumaa, 5 Agosti.
Kwenye kizuizi cha barabarani askari alisikia shaa, shaa, akauliza kuna nini ndani. Nikasema nyuzi. Akanitazama kwa huruma, akaniruhusu.
Gurei. Mzee akainua, akaguna. Mikono miwili! Nikamtazama Taban. Kisha Mzee akaipindua matairi juu, kama afanyavyo kila mtu anayekagua baiskeli. Hilo sikuliwaza. Mchanga ukatoka kwenye vitundu vya nyaya, polepole, bila haya, juu ya unga wa muhogo aliouanika Mama Teresina. Na siku hizi unga sokoni haushikiki! Mama aliniita majina ya Kibari nisiyoyajua, na mimi ni Mbari. Taban alilala chini kwa kicheko.
Mzee hakungoja. Akaitikisa hadi ikaisha mchanga, akapanda, akatokomea kwenye njia ya mawe iendayo shambani kwake. Hakuwa amefika huko tangu vita, kwa kuogopa kafyu ya usiku imkute njiani. Alirudi jua lingali juu, anacheka kama mtoto. Akasema mgongo wake haujasikia jiwe hata moja. Mali ya mahari haipokelewi bila wazee wangu, kwa hiyo niilete nao Jumapili, hivi hivi, nisiguse hata skrubu. Pamoja na gunia la unga la Mama.
Kiden alinisindikiza. Akasema malesh, pole, Lokosang, nakuomba, Baba ameipenda kwa wepesi wake. Usiiguse.

Jumamosi, 6 Agosti.
Sijaelewa. Mzee mzima apende kitu chepesi? Ni wazi ananipima. Kiden naye ananionea huruma tu. Nimepitia mpango wangu upya. Uzito ulikuwa sahihi. Mzee aliguna mwenyewe. Kosa lilikuwa mchanga. Mchanga humwagika.
Nimekwenda soko la Custom, nimenunua unga wa Mama na mfuko wa saruji. Nimeikoroga na maji, imeingia vizuri kwenye fremu, na iliyobaki nimeishindilia kwenye shokamzoba. Hata ule ugonjwa wa kuzama umepona.
Kesho itakuwa imekauka.