Pedali Zisizoachia Mguu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Juzi Jumamosi Kornelio alinipita mlimani. Nimekaa kimya nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Si kupitwa kunakoniuma. Kinachoniuma ni namna. Mie nilikuwa nimesimama juu ya pedali, nahema kama pampu mbovu. Yeye akaja amekaa kitako, akafika ubavuni kwangu, akasema, "Shikamoo, kaka." Mbele ya kundi zima. Nina miaka arobaini na mitatu. Yeye ana thelathini na kitu, na upara kunizidi. Ikabidi niitikie marahaba, na hiyo marahaba ndiyo iliyomaliza pumzi. Nikashuka, nikasukuma.

Kundi hili nimelianzisha mie. Baiskeli Goba. Jina nilitunga mie, rangi ya fulana nilichagua mie. Kornelio kahamia huku mwaka jana tu kutoka Tegeta. Mwalimu wa fizikia, mtu wa Mahenge, mpole hadi anakera. Na sasa nasikia Jumamosi hii watu wanataka kuchagua kapteni wa safari ya Bagamoyo. Kuchagua. Nilikuwaga nadhani kapteni yupo.

Lakini siri yake nimeijua. Viatu vyake vinanasa kwenye pedali. Chini ya soli kuna kichuma, anakikanyagia, kinalia ta, mguu haubanduki. Akishusha mguu anasukuma, akiinua anavuta. Sie wengine tunasukuma tu. Huo si uwezo. Hiyo ni hila.

Nilimweleza mke wangu, Margareta. Akasema labda ni kwa sababu Kornelio hali chapati kabla ya kulala. Nikamalizia chapati yangu.

Jumanne, 6 Mei

Ofisini Kurasini. Kontena la vigae limekwama bandarini na mwenye mali anapiga simu, lakini kuna mambo ya haraka zaidi. Asubuhi nzima nimesoma kuhusu pedali. Bosi alipita nyuma yangu akauliza hiyo bidhaa ni ya mteja gani. Nikasema mteja hataki atajwe.

Nimekasirishwa na jina lenyewe. Wazungu wanaziita pedali zisizo na klipu. Kazi yake pekee duniani ni kukubana kama klipu. Watu walioshindwa kutaja kitu kwa jina lake ndio tuwaamini na miguu yetu.

Nikampigia Recho. Recho ni daktari wa meno, yumo kwenye kundi letu, na pedali hizi anazo muda mrefu. Akaniambia ninunue za milimani: zinanasa pande zote mbili, kichuma chake ni kidogo na kimezama ndani ya soli, kwa hiyo mtu anaweza kutembea. Springi inayokishika kiatu niilegeze kabisa mpaka nizoee. Nifanyie mazoezi kwenye nyasi. Na nikitaka kutoka, nipeleke kisigino nje, nisivute mguu juu. Hilo la kisigino alilirudia, kama anazungumza na mtoto aliye kwenye kiti chake cha kung'olea jino.

Ushauri mzuri. Kasoro yake ni moja: pedali alizozitaja ndizo hasa za Kornelio. Nikizinunua nitakuwa Kornelio wa pili. Mie si wa pili wa mtu.

Jumatano, 7 Mei

Nimetoka kazini mapema, nimekwenda Kinondoni kwa Ismail, muuza vifaa vya baiskeli. Akanionyesha aina mbili. Za milimani, vidude vidogo kama bawaba za kabati. Na za lami: pana, nyeusi, zinang'aa, zinanasa upande mmoja tu, na kiatu chake kina kibao kikubwa cha plastiki kilichotokeza chini ya soli.

Nikamuuliza zipi zinabana zaidi. Akasema za lami. Nikamwambia basi mlimani, ambako mtu anahitaji nguvu zaidi, akili inataka kinachobana zaidi. Ismail akanitazama kidogo, akasema hajawahi kuisikia hoja hiyo lakini ina mantiki. Kila nilichosema alikikubali. Huyu ndiye mtu wa kwanza mwenye akili niliyekutana naye wiki hii.

Margareta nilimwambia viatu nimepewa na rafiki. Akauliza ni rafiki gani anayejua saizi ya mguu wangu. Wanawake wana maswali ya ajabu.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya mazoezi. Nyasi sina, kwetu uani ni sakafu ya saruji.

Kwanza, viatu. Kutembea navyo ni kama kutembea juu ya vifuniko vya sufuria. Sebuleni niliteleza kwenye vigae nikashika pazia. Pazia lilikuja lote.

Pili, kunasa. Niliegemea ukuta wa nje kwa mkono mmoja, nikakanyaga. Ta. Mguu wa pili. Ta. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nilijiona mtu na mashine, kitu kimoja.

Tatu, kunasuka. Nilivuta juu. Nikavuta tena. Nikakumbuka kuna jambo la kisigino, ila sikukumbuka ni ndani au nje. Nikijaribu ndani, baiskeli inayumba. Nikiachia ukuta, naanguka. Kwa hiyo nilibaki pale nimekumbatia ukuta. Mzee Polikarpo, jirani yetu, akapita na mbuzi wake. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kama ukuta una ufa. Nikasema naukagua. Akasema pole na kazi.

Margareta alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akanikuta vilevile. Akasimama, akatua mkoba chini.

"Umekwama?"

Nikasema napumzika.

"Si uvue tu mguu, kiatu kibaki hapo?"

Akafungua mikanda ya kiatu, mguu ukatoka. Kiatu kikabaki kinaning'inia kwenye pedali kama kitu kisichonihusu. Hilo hata mie ningelifikia. Nilikuwa sijapewa nafasi ya kufikiri.

Ijumaa, 9 Mei

Nimewaza usiku kucha. Hata nikiwa na pedali bora, Kornelio bado ana mapafu. Haifai kumwachia kila kitu.

Nimempigia simu. Nikamwambia, kama kaka yake, kwamba nimekuwa nikimtazama mlimani na nimeona anapoteza nguvu. Springi zake zimelegea. Nikamwambia waendeshaji wa mashindano hukaza springi mpaka mwisho, mpaka zigome. Nia yangu ilikuwa moja: kesho tukisimama pale juu kupiga kura, Kornelio ashindwe kushusha mguu, aanguke chali mbele ya wapiga kura. Nani atamchagua mtu asiyeweza kusimama?

Kornelio akashukuru. Akasema hakuna mtu aliyemjali hivyo tangu ahamie Goba. Akasema anachukua spana sasa hivi.

Nilijisikia vibaya. Ilinichukua chai nzima kupona.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Njia ya mlimani ilikuwa uji. Tulipofika chini ya mlima nikashuka kuruka dimbwi, nikapanda tena, nikakanyaga. Hakuna ta. Nikakanyaga kwa nguvu. Hakuna. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kwenye kile kibao cha plastiki kama mkate kwenye kopo. Juzi pedali zile zilikataa kuniachia, leo zikakataa kunipokea. Nimelelewa vizuri, lakini kuna maneno niliyasema.

Nikajaribu kusukuma kwa miguu. Soli ile haina hata alama. Nikipanda hatua moja narudi mbili. Kundi zima limesimama juu linanitazama.

Kornelio akashuka. Akaacha nafasi yake ya mbele, akateremka na baiskeli mpaka kwangu, akanasua miguu kwa nguvu bila kuyumba, akasema, "Kaka, miguu yetu inalingana. Chukua baiskeli yangu na viatu. Yako nitapanda nayo mie."

Nikamwambia haiwezekani, pedali zangu hazitaki kiatu. Akasema hahitaji kiatu. Kwao Mahenge alikuwa akiendesha peku, na gunia la mpunga nyuma. Akavua viatu pale pale, akakunja suruali.

Nilikataa. Recho akapaza sauti kutoka juu kwamba tunachelewa. Watu wanaangalia. Ningesema nini? Kwamba siwezi kupanda baiskeli ile kwa sababu ninazozijua mwenyewe? Nikavaa viatu vyake, nikapanda. Ta. Ta.

Lazima niseme ukweli: baiskeli ilipaa. Nilifika juu bila kushuka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Watu wakapiga makofi. Kornelio naye akaja nyuma yangu, peku, anakanyaga kwa visigino, ametulia kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Kisha akasimama, akashusha miguu chini kama wenzake. Mie nikapeleka kisigino nje. Hakikuenda. Nikakipeleka tena. Springi zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho, kama nilivyoshauri.

Baiskeli isiyotembea huanguka. Hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo nikaendelea kutembea. Nikaanza kulizunguka kundi. Wakanitazama. Recho akasema nishuke ili tupige kura. Nikasema kabla ya kura nina machache ya kusema, na nikaanza hotuba yangu huku nazunguka. Nikazungumzia historia ya kundi. Nikazungumzia fulana. Watu wakawa wanageuza shingo kunifuata, kama kuku anayetazama mwewe. Mtu mmoja akasema amepata kizunguzungu. Mie nilikuwa nimemaliza historia, fulana, umoja, na usalama barabarani, na miguu ilikuwa inakufa.

Pembeni kulikuwa na nyumba inayojengwa. Mafundi walikuwa wamekoroga zege chini, rundo kubwa, laini, wanasubiri ndoo. Nguvu ziliniishia hapo hapo. Niliinama taratibu sana. Nilipata hata muda wa kuwaomba radhi mafundi kabla sijafika.

Kornelio ndiye aliyenikimbilia. Akaingia kwenye zege na miguu yake mitupu, akafungua mikanda, akanivuta. Kisha akaomba maji kwa mafundi, akaninawisha mkono kabla ya kujinawisha yeye. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeshaanza kuvimba.

Na hapo ndipo aliponimaliza. Alisimama mbele ya watu wote, uso umemshuka, akasema, "Jamani, hili ni kosa langu. Kaka Apolinari alinishauri jana nikaze springi mpaka mwisho, akanisaidia kwa moyo mweupe kabisa, na mie nikasahau kumkumbusha kwamba nimezikaza."

Recho akaanza kunifunga kitambaa mkononi. Hakuinua macho.

"Uliniuliza kuhusu springi Jumanne," akasema. "Nilikwambia ilegezwe."

Nikasema simu ilikuwa inakatakata.

"Haikukatika."

Akafunga fundo, akalikaza kuliko ilivyohitajika kitabibu. Watu wakawa wanatazama matairi yao. Kornelio peke yake hakuelewa, au alielewa akaamua kutoelewa. Sijui lipi baya zaidi.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Wangu wa kulia haukunyooka. Kapteni ni Kornelio. Kisha akaazima mabuti ya fundi mmoja, akawasaidia kukoroga zege jipya, na kundi zima likabaki kumsaidia. Mie nilikaa juu ya tofali nikiwatazama. Kundi langu.

Jumapili, 11 Mei

Kifundo hakijavunjika, kimeteguka tu. Kanisani nilitoa amani kwa mkono wa kushoto na kila mtu akauliza.

Jioni Kornelio akaja nyumbani na machungwa na pedali bapa za kawaida, za zamani zake. Margareta akamkaribisha kama mjumbe wa posa. Akanifungia pedali mwenyewe pale uani. Kisha akasema angependa nikipona niwe mtu wa nyuma kwenye safari ya Bagamoyo, yule anayehakikisha hakuna mchovu anayeachwa. Akasema kazi hiyo inataka mtu anayejua kuchoka. Sikujua kama ni sifa.

Alikuwa amechuchumaa, spana mkononi, kisogo kinang'aa jasho. Mahali pale pale nilipokwama Alhamisi. Nikataka kumwambia. Kweli. Mdomo ulishafunguka. "Kornelio," nikasema, "ile simu ya Ijumaa."

"Ndiyo, kaka."

Nikasema mtandao wa huku Goba ni mbaya sana. Akasema kweli kabisa.

Alipoondoka Margareta akasema yule ni mtu mwema. Halafu akaniuliza kwa nini nimeinamisha uso. Nikasema mkono unauma.

Jumatano, 14 Mei

Uvimbe wa mkono umepungua. Akili imetulia. Nimelipitia jambo zima bila upendeleo na nimeona nilipokosea. Tatizo halikuwa pedali. Tatizo halikuwa springi. Tatizo lilikuwa breki. Ningekuwa na breki za maana ningesimama pale juu imara kabla ya kufika kwenye zege. Namna ambavyo ningesimama bila kuanguka bado naitafakari, lakini msingi ni breki.

Na kuna jambo jingine. Kornelio anapanda vizuri, sikatai. Ila sijawahi kumwona akiteremka kwa kasi. Kuteremka ndiko kipaji kilipo. Kupanda ni ubishi tu.

Nimerudi kwa Ismail. Anazo breki za mafuta, za diski, na anasema zimebaki seti moja. Nikamuuliza kama zinakamata zaidi kuliko za Kornelio. Akasema zaidi kuliko za mtu yeyote. Nimezichukua. Margareta nitamwambia ni mzigo wa mteja.

Recho kanitumia ujumbe, sijui nani kamwambia. Anasema breki za aina hii ni kali mno, kwanza nizijaribu tambarare, polepole, kwa kidole kimoja, na nisiguse ya mbele peke yake.

Tambarare hakuna mtu wa kunitazama. Jumamosi nazijaribia mteremkoni, na nitaanza na ya mbele.