Kigae cha Mwisho cha Hosiyat wa Urgut

Nyamazeni, enyi mnywao chai! Weka bakuli chini, wewe uliye karibu na jiko. Nawe unayetafuna zabibu, tafuna polepole, maana ninayoyaleta si habari za bei ya vitunguu. Naleta habari za Hosiyat binti Norboy, Mtarizi wa Urgut, Mwenye Vidole Visivyotetemeka, Mama wa Sufuria, aliyesimama peke yake mbele ya kigae kimoja cha rangi ya samawati, kigae kisicho na upanga wala farasi, akapambana nacho siku baada ya siku, na asikiguse. Wapo waliovuka milima yenye theluji wakaitwa mashujaa. Nawaheshimu, lakini sijasikia hata mmoja wao aliyepigana na kidole chake mwenyewe.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Hosiyat, baada ya kuuza foronya mbili alizotarizi mwenyewe, alimwambia mkwe wake Dilnavoz, mke wa mwanawe, amtilie kwenye simu mchezo fulani alioupenda alipouona. Haukuwa mchezo wa bure. Ulikuwa wa kununua, kwa bei ya mikate minne, na ukishaulipia hauombi tena, haukatizwi na matangazo, haukupigii kelele. Ndani yake mna kuta mia moja tupu, na kila ukuta unaujaza vigae, ukikizungusha kila kimoja mpaka shina la ua huku likutane na ua lake kule. Ndiyo hayo tu, na Hosiyat aliyaona yanatosha.

Lakini palikuwepo Mukarram. Ah, Mukarram! Dada wa marehemu mume wa Hosiyat, Mwenye Ulimi Usiosinzia, ambaye macho yake huona vumbi chini ya zulia la jirani kabla hajavuka kizingiti! Sisi wanawake wa mtaa hukutana kila mwezi, nyumba baada ya nyumba, kwa chai na sambusa za malenge, na mwezi ule zamu ilikuwa ya Hosiyat. Simu ilikuwa juu ya mto. Mukarram akaiona.

"Wifi, eti umenunua mchezo? Umenunua? Kwa hela?"

"Nimenunua."

"Mtu mzima na meno yako! Mimi wangu wa bure kabisa, niko hatua ya elfu mbili na ushee, na mwisho siuoni. Huo wako una kuta ngapi?"

"Mia."

"Mia! Jamani, mmesikia? Mia! Ukizimaliza utabaki na nini, kioo cha kujitazamia?"

"Wako kila ukicheza kidogo anatokea mtu anakupigia kelele ununue sabuni."

"Kwani sabuni siihitaji?"

Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nakiri. Ndipo Mukarram akainuka kwenye godoro lake, akafuta makombo kifuani, akanyoosha mkono kama jemadari aonyeshaye mji wa kutekwa, akahutubia.

"Wanawake wenzangu! Tunaye hapa mtu anayetoa hela kununua kitu chenye mwisho, na cha bure kisicho na mwisho kipo. Mtu wa hivyo ndiye tunamwachia sufuria ya sumalak? Asiyejua cha kudumu na cha kupita, atajua lini uji umeiva?"

Hapo kicheko kikakatika. Maana sumalak, ule uji mtamu wa ngano iliyochipuka tunaoukoroga sote kwenye sufuria moja kubwa majira ya kuchipua yakifika, una mkubwa wake, na mkubwa huyo ndiye ashikaye mwiko wa mbao, mrefu kama mtu. Mama yake Mukarram aliushika miaka mingi. Alipokaribia kufa hakumpa binti wa tumbo lake. Alimpa Hosiyat, mke wa mwanawe, akamwambia usiache uungue. Tangu siku ile Mukarram alikuwa na donda, na sote tulilijua, ila hatukuwahi kulitaja.

"Sema unachotaka, wifi," Hosiyat akamwambia.

"Mwezi ujao tunakutana kwangu. Tukikuta mchezo wako bado uko hai, mwiko baki nao mpaka uzeeke. Tukikuta umekwisha, mwiko unakuja kwangu. Bibi Oysuluv shahidi."

Bibi Oysuluv ndiye mkubwa wetu sote kwa umri. Akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia," akasema, na sote tukajua amesikia nusu.

Mwenye akili ya kawaida angeifungia simu kabatini mpaka siku ya siku. Lakini mashujaa hawana akili ya kawaida, na huo ndio msiba wao. Hosiyat alijiambia kwamba kitu kizuri hakifichwi, tena atacheza kidogo tu, ukuta mmoja baada ya chakula. Basi akacheza maziwa yakafurika jikoni. Akacheza kuku wakaingia ndani wakatoka. Kuta zikaanguka mbele yake moja baada ya moja, ukuta wa ngazi na ukuta wa nyota, ukuta wa mizabibu iliyosokotana na ukuta ule mbaya wa tausi ambao humtoa mtu machozi, naye akasonga mbele bila huruma, kidole gumba kikishuka na kupanda, hata machipukizi ya miaprikoti ya uani yalipoanza kuvimba, ukuta wa mia ulikuwa umesimama mbele yake, umejaa, ukipendeza, na pengo moja tu katikati.

Kidole kikainuka. Kigae cha samawati kikawa kinamsubiri pembeni, tayari kimekwisha kugeuzwa sawasawa. Ndipo akaukumbuka mwiko, akapiga ukelele uliomtoa Dilnavoz uani akikimbia na ufagio.

"Mama! Umeungua?"

"Kimebaki kimoja."

"Kimoja nini?"

"Kigae, mwanangu. Nikikiweka nimekwisha."

Dilnavoz akachungulia. "Si utarudia kuanzia ukuta wa kwanza?"

"Atasema nakula makombo. Unamjua shangazi wa mumeo."

"Basi usikiweke."

"Rahisi kusema!" Hosiyat akasema. "Kiangalie kilivyokaa. Mkono wenyewe unakwenda."

Na hapa, wasikilizaji wangu, ndipo vita vilipoanza hasa. Maana mtu aliyetarizi tangu utotoni hawezi kuona tundu katika pambo akapita. Hosiyat alikiona kigae kile akikuna karoti. Alikiona akisali, akaomba msamaha, akakiona tena. Mwishowe akabuni ngome ambayo hakuna jemadari aliyewahi kuibuni: akatia mikono kwenye unga. Kioo cha simu hakitii kidole chenye unga mbichi, hili alilijua, basi akakanda asubuhi, akakanda adhuhuri, na tanuri la uani halikupoa. Mikate ikajaa meza, ikajaa rafu, ikapanda juu ya kabati la nguo. Mkate ukaanza kutembea mtaani. Mimi nililetewa mara tatu katika juma moja, nikadhani kuna msiba na mimi sijaambiwa, nikavaa kitambaa cheusi nikaenda kutoa pole.

"Nani kafa?" nikauliza mlangoni.

"Hajafa mtu," akasema Hosiyat, unga mpaka kwenye nyusi. "Ndiyo napigania asife. Chukua mkate mwingine."

Adui alikuja kutoka ndani ya ngome, kama ilivyo desturi ya maadui. Asubuhi moja Hosiyat anageuka kutoka kwenye beseni, anamwona Dilnavoz ameketi na simu, uso wote huruma, kidole kimeinama.

"Mama, unavyoteseka mimi siwezi. Ngoja nikuwekee tu, tusahau."

Hosiyat akaruka. Alilivuka beseni, alivuka meza ya chini, alimvuka paka, umri wake na nyonga yake vyote akaviacha nyuma, na mkono wenye unga ukatua kwenye kifundo cha mkono wa mkwe kama mwewe.

"Mama, unaniumiza!"

"Afadhali wewe kuliko mwiko!"

Baadaye aliona haya. Alimketisha, akamkatia mkate wa moto, akaupaka malai, akamwambia ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu. Alisema aibu mbele ya wanawake haimtishi. Alisema mavyaa yake alimpokea akiwa bibi arusi wa kijijini asiyejua hata kuwasha tanuri, akamfundisha kila kitu bila kumcheka, na kwamba kuupoteza mwiko ule kungekuwa kumzika mama yule mara ya pili. Dilnavoz alilia, akala, akalia tena.

Siku ikafika. Tukaingia kwa Mukarram, tukavua viatu, tukaketi. Mimi nilikaa karibu na mlango kwa kuwa nilichelewa, na ndiyo maana niliona vizuri. Mukarram akaanza vita kwa birika: akammiminia Hosiyat chai hadi ukingoni. Kwetu mgeni humiminiwa kidogo ili aombe tena, na anayejaziwa anaambiwa kunywa uende zako. Hosiyat akainywa yote bila kupepesa, moto ule ule.

"Haya," akasema Mukarram. "Lete mgonjwa wako tumwone."

Simu ikawekwa katikati ya kitambaa cha chakula. Vichwa vikainama. Ukuta wa mia ukang'aa, na pengo lake moja.

"Kimoja!" Mukarram akapiga makofi. "Kimebaki kimoja! Huo si uhai, wifi, hiyo ni roho iko kooni!"

"Lakini haijatoka," akasema mmoja wetu.

"Wewe nyamaza, umekula mikate yake!"

"Kila mtu amekula mikate yake!"

Ghasia ikapanda. Bibi Oysuluv akauliza nani anaumwa. Akaelezwa sikioni, akaelezwa tena, akasema yeye alidhani habari ni ya ng'ombe. Mukarram akainua mkono, kukawa kimya.

"Maneno ya nini? Kiweke hicho kigae, wifi. Ukikiweka na mchezo ukaendelea, nimeshindwa. Kiweke."

"Sikiweki."

"Kwa sababu umekwisha!"

"Sikiweki," akasema tena Hosiyat, akainuka, akaenda mpaka ukutani.

Pale ukutani, juu ya magodoro yaliyokunjwa, ndipo kilipotundikwa kitambaa kikubwa cha harusi ya Mukarram, alichotariziwa na mama yake: makomamanga mekundu, majani, mizabibu, kazi ya misimu ya baridi kadhaa. Hosiyat akaweka kidole kwenye pembe ya chini.

"Hili komamanga nani alilitarizi?"

"Unauliza majibu. Mama."

"Mbona nusu jekundu na nusu mchoro mtupu? Uzi ulimwishia?"

"Usinichezee, Hosiyat. Unajua."

"Najua. Nilikuwa nimeketi karibu naye akikata uzi. Nataka uwaambie wewe."

Mukarram akakitazama kitambaa. Kila mtarizi wa mji wetu anajua, na hakuna amalizaye kitambaa cha harusi, lakini kujua ni jambo moja, na kulisema kwa kinywa chako habari ya mama yako ni jambo jingine. Alipofungua mdomo, Ulimi Usiosinzia ulikuwa umelegea.

"Aliliacha ili siku zangu zisiishe," akasema. "Ili kiwepo cha kuendelea."

"Miaka yote unalitazama. Umewahi kumwambia mtu kwamba kitambaa kimekufa?"

Chini ya mto, simu ya Mukarram, ambayo alikuwa ameiacha wazi kwenye mchezo wake wa bure, ikapiga kelele ya punguzo la mazulia. Akaizima bila kuitazama. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua simu ya Hosiyat.

Sasa shikeni pumzi, kama tulivyoshika sisi. Kigae kilikuwa mkononi mwake, kikimsubiri. Mguso mmoja, na mwiko wa mama yake ungekuwa wake, kwa sharti alilolitamka mwenyewe, mbele ya shahidi aliyesikia nusu. Kidole chake kikashuka. Kikashuka tena. Hosiyat hakumzuia, ingawa nilimwona akifumba macho. Kidole kikasimama juu ya kioo, karibu kabisa, na Mukarram akauma mdomo, jasho likamtoka juu ya nyusi.

"Kinauma," akasema.

"Kinauma sana," Hosiyat akasema.

"Na wewe umekaa nacho siku zote hizi?"

"Ndiyo sababu ya mikate."

"Mwanamke, wewe ni mwehu." Akakiinua kidole, akakikunja ngumi kama anayemfunga mfungwa, akailaza simu kifudifudi kwenye mapaja ya wifi yake. Alikuwa analia waziwazi na hakujali nani anamwona. "Baki na mwiko. Basi. Baki nao."

"Ni mrefu ule, wifi," akasema Hosiyat. "Unashikwa na wawili."

Waandike, basi, wenye kalamu. Na wasio na kalamu wawasimulie wajukuu. Waandike kwamba alasiri moja mwishoni mwa baridi, katika mji wa Urgut, mbele ya jeshi lote la wanawake wa mtaa, mashujaa wawili walikabili kigae cha samawati, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa na kila sababu ya kukigusa. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa pale mlangoni, nikaona kwa macho yangu jinsi kilivyokuwa kigumu kutotokea.