Mtu A na Milango Kumi na Minne

Leo nusura niue mtu kwa kurasa sita za karatasi. Naandika kwa haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana, vumilieni.

Wengi humu mnanijua. Mimi ni Apendeki, mzaliwa wa Baraka, mwaka wa mwisho kule Uvira, nasomea kriminolojia, yaani elimu ya kueleza kwa nini watu hufanya uhalifu. (Hapana, hatufundishwi kuiba. Nimechoka na swali hilo.) Niliondoka Baraka nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikakaa kwa mjomba kwa ajili ya shule, na nikawa narudi kwa mama sikukuu tu.

Hali ya vita mnaijua. Majuma mawili sasa risasi zinasikika milimani upande wa Fizi. Watu wa juu wameshuka Baraka, na watu wa Baraka wenyewe wamehama, wengine Swima, wengine Ubwari kwa mtumbwi. Mama yangu amekimbilia Nundu na simu yake haipatikani. Mimi nilifika Alhamisi kufanya utafiti wa kazi yangu ya mwisho, mada yenyewe ni wizi wakati wa vita. Nikaenda kwanza nyumbani. Nikakuta nyumba haina mlango. Bawaba zipo, fremu ipo, mlango hakuna. Nilisimama pale nikapiga hodi kwenye shimo.

Niliumia sana. Nikajiambia, sawa, huyo mwizi ameingia kwenye utafiti wangu kwa miguu yake mwenyewe.

Nadharia niliyoichagua ni rahisi. Inasema uhalifu hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: mtu mwenye nia mbaya, kitu cha kutamanika, na mahali pasipo na mlinzi. Mwalimu anayeniongoza alinionya kwamba nadharia hukusaidia kujua uulize nini, haikupi jibu. Maneno hayo niliyaandika vizuri kabisa kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha nikaenda kutafuta jibu bila kumuuliza mtu yeyote.

Kwa siku tatu, asubuhi na mapema, nilichuchumaa nyuma ya ukuta wa nyumba moja iliyoungua, nikitazama barabara yetu. Na nikamwona. Mzee mmoja, anachechemea mguu wa kushoto, kofia nyekundu ya sufu. Anaingia kwenye nyumba ya watu waliokimbia, anatoka na mlango kichwani. Anaondoka taratibu, wala hageuki nyuma. Siku ya pili, mlango mwingine. Siku ya tatu, mlango na cherehani. Mtu yupo, kitu kipo, mlinzi hayupo. Nusura nipige makofi pale nyuma ya ukuta.

Sikumsalimia. Kitabu kinasema mchunguzi asivuruge anachokichunguza. (Kitabu hicho hakikuandikwa Baraka, ambako kumpita mzee bila kumwamkia ni kosa linaloweza kujadiliwa na ukoo.) Na kwa kuwa nina maadili ya utafiti, sikutafuta jina lake. Nilimwita Mtu A.

Sasa leo. Shefu, yaani kiongozi wa mtaa, alikuwa amesikia kwamba nachunguza wizi, akaniomba niwaeleze vijana wa ulinzi. Nilivaa viatu vya visigino virefu. Nilichana nywele. Saa mbili nilikuwa uani kwake, chini ya turubai, mbele ya vijana kama ishirini, wengi wao wakiwa ni wale walioshuka kutoka Fizi na hawajamaliza mwezi hapa. Shefu mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameitwa kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani. Mmoja akasema nianze tu.

Nikaanza. Nilieleza vile vitu vitatu. Nilichora duara tatu kwenye udongo kwa kijiti. Walinisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuupata darasani, na kichwa kikavimba. Nikafika ukurasa wa nne, nikamsoma Mtu A: mguu wa kushoto, kofia nyekundu, milango, cherehani. Nikasoma kwa sauti ya redioni.

Niliponyanyua macho, vijana nusu walikuwa wameshaondoka. (Nikadhani wamechoka. Nikaongeza sauti.)

Nilikuwa ukurasa wa tano shefu alipoingia uani. Akatazama viti.

"Bijana bako wapi?"

"Nadhani wamekwenda kumtafuta Mtu A."

"Muntu A njo nani?"

"Mzee mmoja anachechemea, ana kofia nyekundu. Ndiye anayeondoa milango ya watu."

Shefu hakupaza sauti. Ndicho kilichonitisha. Alisema, "Apendeki, ule ni Papa Asende. Njo mwenye bantu banamupatiaka milango. Unauwisha muntu."

Akatoka mbio, nami nyuma yake. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope mbele ya kinu cha mihogo, sikurudi kukichukua. Huku tunakimbia, shefu ananieleza kwa vipande, pumzi zinamkata. "Bantu bakikimbia, banatosha mulango bo benyewe. Mulango ukibakia, banavunja, banapikia. Nyumba ikikuwa wazi, hakuna wa kuivunja. Wenye banachelewa, banaachia Papa Asende aende kutosha." Vita kila vikirudi, alisema, ndivyo inavyofanywa: mlango hung'olewa na kupelekwa kwa mtu anayebaki. Mimi nimekimbia vita mgongoni mwa mama, halafu kwa miguu yangu mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza milango yetu hubaki wapi.

Tulimkuta Papa Asende amepigishwa magoti mbele ya nyumba yake. Mikono imefungwa kwa kamba yake mwenyewe. Mdomo umepasuka, damu imeshuka hadi kwenye shati. Wanne walikuwa na mawe mkononi. Wa tano, nikaambiwa, alikuwa ametumwa kutafuta petroli.

Wazia umeketi unapanga kurasa, unahangaika na pambizo, kumbe unaandaa hiki.

Nikaingia katikati yao. "Mwacheni. Nimekosea. Si mwizi."

Mkubwa wao, kijana mmoja mwenye koti la mvua, alinitazama kwa subira, kama vile nimechanganyikiwa. "Karatasi inasema ni yeye."

"Karatasi nimeiandika mimi."

"Ndiyo. Na ukiandika ulikuwa na akili. Sasa unaogopa tu."

"Nimekosea, nakuambia."

"Theori haikosee," akasema. "We mwenyewe njo umetufundisha. Vitu vitatu."

Jamani, nimepigania miaka mitatu watu waiheshimu nadharia. Leo nimempata wa kwanza, na alikuwa na jiwe. Nilibishana na karatasi yangu mwenyewe na karatasi ikanishinda.

Shefu ndiye aliyetuokoa. Aliingia ndani ya nyumba, akatoa mlango mmoja, akauegemeza ukutani. Akatoa wa pili. Nyuma ya kila mlango palikuwa na maandishi ya makaa. "Kama munaamini maandiko," akawaambia, "huyu amesoma. Atawasomea." Akanisukuma mbele.

Basi nikasoma. Mguu mmoja na kiatu, mmoja peku, mbele ya vijana walewale.

"Mama Riziki, iko Swima. Kuna cherehani pia."

"Familia ya mwalimu, Ubwari. Tunakushukuru Papa Asende."

"Papa Etabo, Swima. Bawaba ya chini imelegea."

Milango kumi na minne. Kila nilipomaliza miwili, jiwe moja liliwekwa chini. Nilianza kupata pumzi. Nikafika mlango wa tisa, wa buluu, rangi imeishia nusu kwa sababu kopo halikutosha. Nikaujua kabla sijausoma. Nikaupapasa kwa kidole.

"Soma," akasema yule wa koti la mvua.

"Mama Apendeki, iko Nundu," nikasoma. Sauti ya redioni ilikuwa imekwisha. "Mutoto akikuya kutoka Uvira, umupatie mulango na ufunguo. Asilale inje."

Shefu akasema, kwa faida ya wasionijua, "Apendeki njo huyu."

Hakuna aliyecheka. Ningetamani wacheke. Walinitazama tu, wote, na yule kijana akainama kumfungua mzee kamba. Nililia palepale, sitawaficha. Mlinzi nilikuwa namtazama siku tatu mfululizo, nikaandika kwamba hayupo.

Papa Asende alisimama taratibu, akapangusa mdomo kwa ile kofia. Akaingia ndani akarudi na ufunguo.

"Njo wewe wa Uvira?"

"Ndiyo, Papa. Nisamehe, Papa."

"Siku tatu ulikuwa nyuma ya ule ukuta. Nilikuona."

"Mbona hukuniita?"

"Nilizani unajisaidia," akasema. "Kila asubui, fasi moja. Nikasema, masikini, huyu mutoto iko na tumbo mbaya. Njo maana sikugeuka nyuma."

Hapo ndipo walipocheka. Hata yule aliyerudi na petroli alicheka, na hakujua hata kinachochekwa.

Nilimuuliza mzee nifanye nini. Nilisema nitachana kurasa zote. Akatikisa kichwa. Akasema kuchana hakutasaidia, kwa sababu jina la mwizi limeshatembea mtaani bila karatasi. Na kweli, kabla ya saa tano wamama wawili walikuwa wamefika kuhesabu vitu vyao. Mmoja alikuwa amemwachia mzee mlango majuma mawili yaliyopita bila wasiwasi wowote. Leo aliukagua hadi misumari. Papa Asende alimshikia mlango ili augeuze vizuri, akatazama pembeni. Hilo liliniuma kuliko damu. Kuna nadharia nyingine inayosema ukimbandika mtu jina la mwizi, watu huliona jina wasimwone mtu. Ilikuwa sura ya sita ya kile kitabu. Niliiruka, ilikuwa ndefu.

"Mi nimekimbia vita mara tatu," mzee akaniambia. "Mara hii nilisema nabakia, ju bantu banajua mi ni nani. Sasa utaikala hapa. Kila mwenye anakuya, utamuambia wewe mwenyewe, kwa kinywa."

Nikakaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Aliyekuja nilimwambia: mimi ndiye niliyemwita mwizi, nimedanganyika, mzee ni msafi, milango yenu ipo. Wengine walinisikiliza. Mmoja aliniuliza nasoma shule gani ili asimpeleke mwanawe. Nilisema hivyo hadi koo likakauka, na kufika saa tisa watu walikuwa wanakuja, wananisikiliza, wanamsalimia mzee kwa mikono miwili na kuondoka bila kukagua kitu. Nikaanza kujisikia mtu tena.

Ndipo akapita mama mmoja na beseni la dagaa. Alisimama mbali, akanitazama nilivyo: peku mguu mmoja, macho mekundu, nimezungukwa na milango ya watu. Akamuuliza mzee, "Njo huyu mwenye bamekamata?" Akaenda zake kabla sijafungua mdomo. Alikuwa anaelekea stendi ya magari ya Nundu.

Saa kumi na moja simu ikaita. Mama. Mtandao umerudi. Hakusalimia.

"Apendeki, unasikia habari? Banasema huku ati mutoto-mwanamuke wa université amekamatwa kwa Papa Asende, anaiba milango."

"Mama..."

"Wakati wa vita! Milango ya bantu! Ule mutoto iko na mama kweli?"

Nikamwambia anaye. Simu ikakatika.

Nitaondoka kesho asubuhi na gari la kwanza. Kama kuna aliyeko Nundu humu ndani, namwomba sana, asimwambie mama kabla sijafika.