Damu ya Rachelle na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudi kazini, depo ya mahindi karibu na reli. Damu yangu ilikuwa imeharibika. Dada yangu Rachelle akanipa mbegu za damu yake, zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu, zikapandikizwa mwilini mwangu kule India mwaka jana. Niko hai. Bado nashangaa kila asubuhi nikifunga vifungo vya shati. Wenzangu walisimama kunitazama kimya, kama watu walio kanisani. Ilinipendeza. Kisha nikamwona karani mwenzangu Florent amekaa kwenye meza yangu ya dirishani. Mimi nimepewa kijimeza karibu na choo. Jambo hili halitapita hivi hivi.

Jumanne, 3 Juni
Mpango. Nimemwambia Mama Priscille, mkuu wetu, kwamba daktari ameagiza nikae penye hewa. Daktari alisema nikae mbali na vumbi, jambo ambalo ni karibu sawa. Mama Priscille aliguswa sana. Akasema: "Papa Mwenze, hewa utaipata ya kutosha." Akaamuru kijimeza changu kitolewe barazani. Barazani ndipo magunia yanaposhushwa.

Alhamisi, 5 Juni
Chafya tangu asubuhi. Siwezi kulalamika, hewa niliiomba mwenyewe. Florent alitoka kunisihi niingie ndani. Ujanja mtupu. Akanipa barakoa. Nikaikataa pia.

Ijumaa, 6 Juni
Naandika hospitalini. Homa ilinikamata mchana, nikaanguka juu ya magunia. Florent alinibeba mgongoni hadi kwenye pikipiki, akanishika njia nzima nisidondoke. Daktari aliuliza nani alinikalisha kwenye vumbi. Nikakohoa.

Walitaka kujua kundi langu la damu, isije ikahitajika kuongezwa. Nikasema A, tangu kuzaliwa. Mtu wa maabara akapima, akakunja uso, akapima tena. O. Rachelle ndiye O. Kule India waliniambia kundi litabadilika, lakini kuambiwa ni kitu kingine na kuona ni kingine. Akaniachia kichupa cha damu yangu nikishike. Kilikuwa bado na joto.

Florent alikitazama, akasema polepole, akiniita yaya kama kaka yake mkubwa: "Yaya Mwenze, damu ya Rachelle njo inatembea mu mwili yako."

Dada yangu yuko Bukama anauza samaki, na papo hapo yumo ndani ya mkono wangu. Tulikaa hivyo, sisi wawili. Hakuna aliyetaja meza.

Jumatatu, 16 Juni
Homa imekwisha, nimerudi. Florent amehama dirishani bila kuambiwa. Kumbe alikuwa ananilindia mahali, mtu mwingine asipachukue. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nikakaa, nikatazama mkono wangu ukiandika, mkono unaoishi kwa damu ya mwanamke aliye mbali, akipara samaki bila kujua kwamba yuko pia hapa ofisini. Nikaapa kuacha hila maisha yangu yote.

Saa nne nilipita mlangoni kwa Mama Priscille. Ana kiti kipya, kinazunguka, kina mto mgongoni.

Nimeingia kumweleza kwamba watu wa kundi la O hawawezi kukalia mbao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atalishughulikia leo hii. Nimeanza kukusanya kalamu zangu, nihamie kwenye kiti kile.